Bustani ya kioo ya msitu wa pwani: dalili, chanzo na namna ya kuokoa

Mwongozo huu ni wa mtu wa Dar es Salaam mwenye kisanduku cha kioo chenye mimea na wadudu wa misitu yetu ya pwani, ambaye leo asubuhi amekiangalia akaona kuna kitu hakiko sawa. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kimetangulia na cha nadra kiko mwisho. Kagua kwa mpangilio huo huo, kwa sababu ukianza na cha mwisho utafukua udongo bure na kumuua jongoo aliyekuwa mzima.

Vipimo vya hapa ni vya kisanduku cha sentimita 60 kwa 30, kimo sentimita 40, chenye mfuniko ambao sehemu yake moja ni wavu. Chini kuna kokoto zilizooshwa, sentimita 4 au 5. Juu yake kuna wavu wa kutenganisha, kisha mkaa uliopondwa sentimita 1, kisha udongo uliochanganywa na usumba wa nazi kuanzia sentimita 10, na juu kabisa majani makavu na vipande vya kuni laini. Kwenye kona pamesimamishwa kipande cha bomba la nusu inchi kinachofika kwenye kokoto. Kama chako hakina bomba hilo, liweke siku utakayokipanga upya. Litakuokoa mara nyingi.

Wakazi ni kangaga wadogo, vayoleti ya Usambara, kuvumwani (lile zulia la kijani linaloota kwenye kuta za visima na matangi), jongoo mmoja au wawili, konokono wadogo, aisopodi na kolembola. Aisopodi ni vidudu vya kijivu vyenye miguu 14 unavyovikuta ukiinua tofali bichi uani. Kolembola ni vyeupe, vidogo sana, milimita moja au mbili tu, na huruka ukivipulizia pumzi. Hao wawili ndio wanaokula ukungu na kinyesi. Wakifa wao, kila kingine hufuata.

Kabla ya kugusa chochote

Shida nyingi za bustani hizi hapa mjini hazianzii ndani ya kioo. Zinaanzia nyumbani: kwenye ndoo ya maji, kopo la dawa ya mbu, chandarua, dirisha la magharibi. Kwa hiyo kagua nyumba kwanza.

Soma kipimajoto kilicho ndani ya kisanduku saa nane mchana. Cha asubuhi hakisemi kitu. Fungua mfuniko unuse. Piga tochi kutoka ubavuni uone maji yamefika wapi kwenye kokoto. Halafu uliza kila anayeishi humo ndani, pamoja na dada wa kazi na jirani wa ukuta mmoja, kama kuna kilichopulizwa, kilichochomwa au kilichopakwa siku tatu zilizopita. Swali hilo la mwisho hutatua mengi kuliko vifaa vyote.

Ukishajua, rekebisha jambo moja tu, usubiri siku tatu au nne. Sumu na joto kali havisubiri. Hivyo shughulikia hapo hapo.

Wadudu wamekufa kwa pamoja, usiku mmoja au mbili

*Dawa ya mbu, mende au sisimizi.* Hiki ndicho chanzo cha kwanza kwa mbali. Dawa nyingi za kupuliza, za kuchoma na za kuchomeka kwenye soketi zina viambato vya jamii ya pirethroidi, na kiumbe chochote chenye miguu mingi hakivihimili. Aisopodi ni ndugu wa kaa na kamba, anapumua kwa viungo mithili ya mashavu ya samaki vilivyo chini ya mkia, kwa hiyo hutangulia kufa. Utawakuta chali, miguu imekunjwa, wamelala juu ya majani badala ya chini yake. Kolembola hutoweka kabisa. Jongoo hutoka mchana, anatembea kama amelewa, nyuma hafuati mbele. Konokono, ambaye neva zake ni tofauti, mara nyingi hubaki mzima, na hiyo yenyewe ni dalili: konokono wazima na aisopodi waliokufa maana yake ni dawa ya wadudu.

Ile chaki ya kuchora mstari wa kuua sisimizi na mende nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Mstari mmoja kwenye mguu wa meza, mtoto akaushika kisha akafungua mfuniko, unatosha.

La kufanya:

1. Kitoe kisanduku nje kivulini penye upepo, mfuniko wazi, kwa muda wa saa mbili.
2. Wazima wote wahamishe kwenye kopo la plastiki lenye karatasi laini isiyo na manukato, iliyoloweshwa kwa maji safi. Konokono pia.
3. Ondoa majani yote ya juu pamoja na sentimita 2 za udongo, utupe. Usiwape kuku.
4. Futa kioo kwa kitambaa na maji matupu. Sabuni usitumie.
5. Weka majani mapya, subiri wiki mbili hadi nne, kisha rudisha aisopodi 10 tu. Wakikaa siku saba bila kufa, rudisha wengine.

*Joto.* Kioo kilichofungwa kikipigwa na jua la saa tisa hupanda haraka kuliko chumba chenyewe. Lengo letu ni nyuzi 24 hadi 30. Kikipita 33 kwa saa kadhaa wadudu huanza kuhangaika. Kikikaribia 38, hesabu vifo. Januari hadi Machi mwanzoni, wakati kaskazi inavuma na vyumba vya bati lisilo na dari vinawaka, hiki hushindana na dawa kwa nafasi ya kwanza. Dalili yake ni tofauti: waliokufa wamekusanyika chini kabisa au pembeni penye unyevu, na majani ya kangaga yamelegea kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto.

Hamisha kisanduku sakafuni, upande ambao jua haligusi. Gandisha chupa mbili za maji za nusu lita, zifunge kwa kitambaa, uzilaze juu ya wavu wa mfuniko. Baridi hushuka yenyewe. Usiweke barafu ndani, na usimwage maji ya friji. Umeme ukikatika na feni ikazimika, chupa hizo ndizo kinga, kwa hiyo msimu wa kaskazi ziwe kwenye friza muda wote.

*Chandarua.* Watu wengi hutumia kipande cha chandarua cha zamani kutenganisha kokoto na udongo. Vyandarua vinavyogawiwa kwa ajili ya malaria vimetiwa dawa ya muda mrefu ndani ya nyuzi zenyewe au juu yake, na kukifua mara tano hakukiondolei sumu. Dalili ni vifo vinavyoendelea polepole: kila unapoongeza wadudu wanakwisha baada ya siku chache, na wanaochimba chini ndio wanaotangulia. Hapa hakuna cha kuokoa. Vunja yote, tupa udongo, anza upya kwa wavu wa plastiki wa madirishani usio na dawa.

*Silikoni na mbao.* Silikoni ya bafuni iliyotiwa kinga ya ukungu huua kwa miezi. Tumia ya kawaida ya vioo na matangi ya samaki, uiache hewani mpaka harufu ya siki iishe kabisa, siku tatu kwa uchache. Mbao za dukani zilizotiwa dawa ya mchwa zisiingie kamwe.

*Majani ya mwarobaini.* Mti huu umejaa kwenye nyua zetu na majani yake yanaanguka mwaka mzima, kwa hiyo huokotwa bila kufikiri. Lakini wakulima wanautumia kuua wadudu, na ndani ya kioo hufanya kazi hiyo hiyo. Mikaratusi na mivinje nayo iache. Majani bora ya mjini ni ya mkungu, yale mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka, na ya mwembe, ambayo huoza taratibu. Okota mbali na barabara kuu, chemsha dakika 10, anika.

Simama hapa: kama nyumba nzima imepuliziwa na kampuni ya kuua wadudu, au kama kuna mtoto aliyeshika majani yenye dawa na sasa anatapika, anatoa mate mengi au anatetemeka, achana na bustani. Mpeleke hospitali, na kopo la dawa ulibebe.

Harufu ya yai bovu

Udongo wenye afya unanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza ya vuli. Yai bovu maana yake ni kwamba kuna sehemu imekosa hewa.

Mara nyingi maji yamezidi kokoto na kuingia kwenye udongo. Angalia ubavuni: mstari wa maji ukiwa umepita nusu ya kokoto, umezidisha. Nunua duka la dawa mrija wa dripu na bomba la sindano la mililita 50 au 60, lisilo na sindano yenyewe. Pitisha mrija kwenye lile bomba la kona mpaka uguse chini, vuta, mimina kwenye ndoo, rudia. Maji ya kwanza yatatoka meusi, yananuka. Endelea mpaka yabaki kama sentimita moja. Acha mfuniko wazi theluthi moja kwa siku mbili, na usimwagilie tena mpaka sentimita 2 za juu zikauke kwa kuguswa.

Kama kokoto ni kavu lakini harufu ipo, tafuta mzoga. Konokono mmoja aliyefia ndani ya gamba hunukisha sebule nzima. Mwinue mmoja mmoja unuse.

Kisha angalia udongo kupitia kioo. Mabaka meusi au ya kijivu-bluu ni udongo mzito ulioshindiliwa. Toboa hapo kwa kijiti cha mishikaki, matundu matano sita mpaka karibu na wavu, mbali na mahali jongoo amejichimbia. Baka likizidi robo ya kisanduku, dawa ni kubadilisha udongo: sehemu mbili za udongo wa bustani uliochekechwa, mbili za usumba uliooshwa, moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Sababu iko mbele.

Ncha za majani zimeungua, kioo kimeota chokaa

Hili ni tatizo la mji wa pwani, na linastahili nafasi yake. Kangaga anageuka kahawia kuanzia ncha kwenda ndani. Kuvumwani inapauka kama imeunguzwa. Kwenye kioo na juu ya udongo kunatokea utando mweupe mgumu. Watu wengi huona majani yamekauka wakaongeza maji, na hayo maji ndiyo yanayoua.

*Maji ya kisima.* Visima vingi vya Dar, hasa maeneo ya karibu na bahari, vina maji ya chumvi. Mvuke ukipanda, chumvi inabaki. Kwa kuwa kisanduku hakina pa kutokea maji, hujilimbikiza wiki hadi wiki. Kipimo kisicho na gharama: weka vijiko viwili vya maji yako juu ya kipande cha kioo safi, kiache juani mpaka kikauke. Fanya vivyo hivyo na maji ya mvua pembeni yake. Ya mvua yataacha kivuli hafifu tu. Ya kisima chenye chumvi yataacha duara jeupe unaloweza kulikwangua kwa ukucha. Ukilikwangua, usiyatumie hayo.

Maji ya bomba la DAWASA yanafaa zaidi, ila yana klorini. Yaache kwenye ndoo pana isiyo na mfuniko saa 24, ikiwa imefunikwa wavu. Maji bora ni ya mvua. Masika, acha paa lioshwe dakika 15 hadi 20 za kwanza, kisha kinga. Madumu matatu ya lita 20 yaliyofungwa vizuri yanamwagilia kisanduku kimoja mwaka mzima na kubaki. Maji ya kiyoyozi hayana chumvi, lakini yamepita kwenye vumbi na mirija ya shaba. Penye konokono na aisopodi yaache.

*Usumba.* Pwani yetu makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la bahari yalainike, kisha yanapigwa kutoa usumba wa kamba. Usumba wa namna hiyo umejaa chumvi hata ukiwa mkavu na msafi machoni. Loweka kwenye ndoo ya lita 10 nusu saa, kamua, mwaga, rudia mara tatu. Onja tone la maji ya mwisho kwenye ncha ya ulimi na uteme. Ukisikia chumvi, rudia.

*Mchanga, makombe na matumbawe ya ufukweni.* Vinapendeza, vinaua. Toa.

*Mbolea.* Bustani hii haihitaji kabisa. Kinyesi cha jongoo kinatosha.

Kuokoa kisanduku kilichokwisha kujaa chumvi kunawezekana kama wadudu wamehamishwa: mimina lita 5 za maji ya mvua polepole juu yote, subiri nusu saa, vuta kupitia bomba la kona. Rudia siku mbili mfululizo. Majani yaliyoungua hayarudi kijani. Kata, tazama yanayochipua.

Kioo kinatoka jasho mchana kutwa

Jasho la asubuhi kwenye theluthi ya kioo ni zuri, na likauke kufika saa tano. Likikaa siku nzima, aidha unanyunyizia mno au hewa haipiti. Kwa kawaida mililita 100 hadi 150 mara mbili kwa wiki zinatosha. Wakati wa masika mara moja, maana hewa yenyewe imelowa. Kama umefunika wavu kwa karatasi ya nailoni, fungua vidole viwili. Jasho la upande mmoja tu halina neno: upande huo una ubaridi zaidi, basi.

Kinyume chake, kisanduku kikikauka kila siku mbili msimu wa kaskazi au chini ya feni, funika nusu ya wavu na usogeze feni. Usiongeze maji chini.

Ukungu mweupe na uyoga

Ukungu kama pamba juu ya kuni na majani wiki ya pili mpaka ya sita ni hatua ya kawaida. Kolembola wakiongezeka, wataula. Kama hawapo, walete: chukua kiganja cha majani yaliyooza kutoka chini ya mwembe pasipopuliziwa dawa, weka kwenye bakuli la maji, vijidudu vyeupe vitakavyoelea juu ndio wao. Mimina juu ya kuni.

Ondoa kwa mkono ukungu wa rangi ya chungwa au mweusi ulioanzia kwenye chakula, na chakula chenyewe. Kipande cha tango cha ukubwa wa sarafu kinatosha kwa siku mbili. Kilichobaki siku ya tatu ni takataka. Uyoga wa manjano au wa kahawia unaochomoza usiku na kulala asubuhi haudhuru mimea. Usile wala usimruhusu mtoto aushike.

Weupe kama pamba juu ya mmea hai ni habari nyingine, angalia vidung'ata hapa chini.

Mimea inarefuka, inapauka, au inaoza shingo

Shina refu lenye majani machache linaloinamia dirishani linatafuta mwanga. Taa ya LED ya wati 9 hadi 12, nyeupe ya mchana, ikae sentimita 20 juu ya mimea saa 10 hadi 12 kwa siku. Ikiwa majani yaliyo karibu na taa ndiyo yanapauka na kukakamaa, inua taa.

Vayoleti ya Usambara ndiyo inayolalamikiwa zaidi: majani ya katikati yanageuka kama maji, ukivuta yanakuja na shina zima. Kwao, kule milima ya Usambara na vilima vya Tanga, hukaa kwenye mianya ya miamba yenye kivuli ambapo maji yanapita bila kutuama. Ukinyunyizia katikati ya shada, maji yanakaa, shingo inaoza. Mwagilia pembeni kwa bomba la sindano, na mmea ukae juu kidogo ya udongo, umeegeshwa kwenye jiwe. Kama shingo imeoza, kata jani zima moja lenye kikonyo cha sentimita 2 au 3, lichomeke kwenye usumba uliooshwa. Chipukizi huja baada ya wiki sita hadi kumi. Nunua zilizozalishwa bustanini. Za porini ziko hatarini, na hata msitu wa Pugu na Kazimzumbwi haupaswi kuchumwa mmea bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Ule mmea wa majani manene yanayong'aa uliojaa maofisini, Zamioculcas zamiifolia, ni wa misitu ya pwani hii hii, lakini una viazi vya kuhifadhi maji kwa ajili ya kiangazi. Kwenye kisanduku chenye unyevu huoza chini. Haufai humu.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata. Vitoe kimoja kimoja kwa kijiti cha masikio chenye spiriti, mmea ukiwa nje ya kisanduku. Dawa ya dukani hapana. Ndiyo maana kila mmea mpya kutoka bustani za kando ya barabara uoshwe mizizi, ukae peke yake wiki nne hadi sita: huleta wadudu, na mara nyingi umepigwa dawa inayonyonywa na mmea na kukaa ndani ya majani ambayo jongoo atayala. Vidung'ata vikirudi mara tatu, piga picha ya karibu umuoneshe bwana shamba wa kata.

Jongoo anapanda kioo, hali, au amejikunja

Jongoo mkubwa wa Afrika Mashariki, Archispirostreptus gigas, anaweza kupita sentimita 30. Kina cha udongo kiendane na ukubwa wa jongoo. Kwa hiyo sentimita 10 zinawatosha majongoo wadogo tu. Ukiwa na mkubwa, weka 20 na uache mimea michache.

Kupanda kioo usiku ni matembezi. Kupanda mchana, siku baada ya siku, ni kukimbia kitu: udongo umelowa mno, au hewa chini imeharibika (rudi kwenye yai bovu), au joto. Kamata udongo kiganjani ubane: ukitoa matone umelowa mno, ukishikana bila kudondosha uko sawa, ukisambaratika ni mkavu.

Asipokula tango, usiogope. Chakula chake hasa ni majani yaliyooza na kuni nyeupe laini zinazovunjika kwa vidole. Hizo zikiisha, anadhoofika hata ukimpa matunda kila siku. Majani yasipungue sentimita 4 juu.

Amepotea wiki nne? Huenda anajivua gamba. Huchimba chumba kama yai, anajikunja humo, anatoka laini na mweupe, kisha anakula gamba lake la zamani. Ukimfukua wakati huo utamuua. Ukiliona pango kupitia kioo, bandika karatasi nyeusi mahali hapo na usitoboe wala kumwaga maji kwa miezi miwili. Aliyekufa hujulikana kwa harufu na kwa mwili unaoachana pete kwa pete.

Vijidudu vyeupe vinavyotembea juu ya mwili wake mara nyingi ni utitiri wa kupanda tu, hawamnyonyi. Wakijazana mpaka mdomoni na kwenye miguu, punguza chakula kibichi na unyevu, na mweke siku moja kwenye kopo lenye usumba karibu ukauke.

Tahadhari: akibanwa hutoa majimaji ya kahawia yanayochoma na kuchafua ngozi kwa siku nyingi. Osha kwa sabuni na maji mengi. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 bila kusugua, na uende hospitali siku hiyo hiyo hata kama maumivu yamepungua.

Gamba la konokono limepauka au lina matundu

Kalisi haitoshi. Saga maganda ya mayai yaliyochemshwa na kukaushwa, nyunyiza kijiko kimoja cha chai kila wiki mbili. Kifupa cheupe cha dome (jamii ya ngisi), kile kinachookotwa ufukweni, kinafaa sana ukikiloweka maji matamu siku tatu na kubadilisha maji kila siku. Chokaa ya kupaka ukutani inaunguza, isikaribie.

Konokono aliyejifungia kwa utando mkavu hajafa, amekimbia ukavu. Mlaze kwenye jani lililolowa mpaka jioni. Yule mkubwa wa uani, Lissachatina fulica, usimweke humu: atakula kila jani na kutaga mayai mamia. Mayai ukiyakuta yagandishe siku mbili kabla ya kutupa. Konokono wanaweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu, basi nawa mikono kila ukishawagusa, na watoto wasiwaweke karibu na uso.

Aisopodi wanapungua polepole

Mara nyingi upande wote umekauka. Wanahitaji kona moja iliyolowa daima na nyingine kavu. Kisha angalia kalisi, kisha kama kuna buibui au tandu mdogo aliyeingia na majani.

Vinzi vidogo vyeusi

Hutokana na udongo wa juu kulowa muda wote. Acha sentimita 2 zikauke, ondoa matunda, ning'iniza nje ya mfuniko karatasi ya manjano iliyopakwa mafuta ya mgando. Wiki tatu wanakwisha.

Mbu ni jambo zito zaidi. Maji ya kokoto au sahani ya kunyweshea yakiwa wazi, mbu wa jamii ya Aedes, anayeeneza dengi, anataga humo, na Dar imepitia milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019. Wavu wa mfuniko uwe wa dirishani, bila tundu, na bomba la kona liwe na kizibo. Ukiona viluwiluwi vya mbu, vuta maji yote siku hiyo.

Sisimizi, mchwa, tandu

Sisimizi wanafuata tunda. Liondoe, futa njia yao kwa maji ya sabuni nje ya kisanduku, paka mafuta ya mgando pete ya vidole viwili kwenye kila mguu wa meza. Siafu wakija, hamisha kisanduku kwanza, fikiri baadaye.

Mchwa ndani ya kuni moja: toa kuni. Vichuguu vya udongo ukutani au kwenye meza: huo ni ugonjwa wa nyumba, ita watu wa kuua mchwa, lakini kisanduku kihamie nyumba nyingine wiki mbili.

Tandu au nge asishikwe kwa mkono wala kwa glovu nyembamba. Kopo, kipande cha kadibodi, koleo ndefu. Akimuuma mtoto au mtu anayevimba uso na kupumua kwa shida, hospitali mara moja.

Kioo kinavuja, au kuna umeme unaochezacheza

Kisanduku kilichojaa hukaribia kilo 40 au zaidi. Usikiinue kikiwa kinavuja. Vuta maji kwa bomba la sindano, toa wadudu, toa udongo, ndipo ukisogeze. Unyevu kwenye kona bila ufa unaweza kuwa jasho linaloshuka. Futa, weka karatasi kavu, angalia baada ya saa moja. Ufa unaorefuka au ubavu uliotuna ni kazi ya fundi vioo, usijaribu kuuziba kwa gundi.

Taa ikiwaka na kuzima, zima swichi ukutani, kausha mikono, chomoa. Kamba ya umeme ishuke chini ya usawa wa soketi kisha ipande, ili tone la maji lidondokee sakafuni. Ukisikia mtetemo ukigusa mfuniko, ukiona soketi imebadilika rangi au ukinusa plastiki inayoungua, kata umeme kwenye swichi kuu na umwite fundi umeme kabla ya kugusa kisanduku tena. Mimea itavumilia giza siku tatu nne bila shida.